Gramu Moja na Nusu

Ghorofa ya tatu, barabara ya Luthuli, chumba namba kumi na mbili.
Kengele haifanyi kazi, bisha tu.
Jumanne iliniletea mashine mbili za santuri.

Ya kwanza ilipanda ngazi begani mwa Achitsa mwenyewe,
kama kreti ya soda.
Ni dijei wa harusi za Kayole, na Ijumaa baa moja kule Umoja.
Alipoitua, bia ya mwaka jana ikanuka.
"Fundi, kitelezi cha mwendo kinakwama. Kesho nina kazi."
Akaenda.

Ya pili aliileta Bwana Ndambuki, mpima ardhi mstaafu wa Woodley,
imefunikwa blanketi la mtoto,
na dereva wa teksi aliambiwa matuta ayavuke
kama mtu anayepita mlangoni pa mgonjwa.
Alisimama nusu saa akinieleza nisichopaswa kufanya.

Nimezifungua zote.
Ya Achitsa haina siri: mota imekaa chini ya sinia,
imelishika kifua kwa kifua, hakuna mshenga.
Bonyeza, na kabla hujamaliza kusema "haya" imeshafika mwendo wake.
Isimamishe, inasimama kama askari aliyeitwa jina.
Ukingoni kuna vinukta, na kitaa chekundu;
vinukta hukimbia, hukimbia, mpaka vionekane vimesimama,
ndipo ujue mwendo uko sawa.
Sindano nimeipima kwa mizani ya sonara wa chini: gramu nne.
Inakanyaga. Sharti ikanyage,
maana kuna kiganja kitakachoirudisha santuri nyuma, mbele, nyuma,
na watu mia wanaruka juu ya sakafu hiyohiyo.

Ya Ndambuki, mota imetengwa pembeni kama mkwe,
haionani na sinia;
husalimiana kupitia mkanda wa mpira tu,
mtetemo wake usije ukaingia kwenye wimbo.
Ni huo mkanda uliochoka.
Sindano: gramu moja na nusu.
Punje tano za mahindi, na zisiwe za msimu mzuri.

Santuri yangu ya majaribio ni moja, benga,
niliinunua Kenyatta Market shilingi mia mbili
ikiwa na kovu kwenye wimbo wa pili.
Kwa Achitsa kovu lilipitwa kama jirani mwenye deni,
besi ikashuka mezani, bisibisi zikahama.
Kwa Ndambuki, na mkanda mpya, sindano iliruka, kweli.
Lakini kabla ya kuruka nilisikia mtu akivuta kiti.
Miaka saba ninayo santuri hii.
Sikujua kama kulikuwa na kiti.

Nilikisikia kwa sikio la kulia.
La kushoto lilibaki Jericho, nyumbani kwa baba,
nilipokuwa na miaka tisa,
mbele ya mashine iliyoitwa Usiguse.
Kwa muda mrefu nilidhani hilo ndilo jina la kampuni.
Niligusa. Kofi moja.
Wimbo haukukatika.

Wateja huniuliza ipi bora.
Nami huwauliza: mkono wako utakuwa wapi?
Wengine hucheka. Ndambuki hakucheka,
aliviangalia viganja vyake, akavitia mfukoni.

Saa kumi jioni stima ikapotea.
Kitaa chekundu kikafa, na zote mbili zilikuwa zinazunguka,
ya Achitsa tupu, ya Ndambuki na benga yangu.
Mwimbaji akazeeka, akawa babu yake, akawa tope.
Askari naye hakuwa na wa kumwita asimame;
akaendelea kuzunguka kwa uzito wake, polepole, kama mwenzake.

Nilikuwa peke yangu.
Nikanyoosha kidole nikaligusa sinia la Ndambuki, ukingoni.
Likasimama.
Hakuna aliyesema kitu.
Kisha nikachukua kitambaa, nikapangusa alama.